Mjadala: Dawa za kunyamazisha jeni kwa saratani ya matiti, Mombasa tuingie kwenye majaribio au tungoje?

Mleta mada: Jamani, nalileta hili kwenu. Jeni inayouchochea uvimbe hupeleka maagizo yake kwa njia ya RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, na seli huyafuata ikatengeneza protini. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kuwa RNA ya nyuzi mbili inaweza kuyaharibu maagizo hayo kabla hayajafuatwa. Wakapata Nobel mwaka 2006. Dawa za kunyamazisha jeni hutumia njia hiyo. Kwa matiti zingali katika utafiti, nami nasema hospitali zetu ziingie. Saratani isiyo na vipokezi (protini za seli zinazopokea ishara za kukua) vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala kile kiitwacho HER2, huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na tembe za kuzuia homoni wala trastuzumab, dawa inayoilenga HER2, haziisaidii. Dawa ikijaribiwa kwingine tu, mama zetu wataingia mwisho tena.

Wa Kisauni: Dada, uchungu wako naufahamu, lakini dawa yenyewe haijui njia ya kufika kwenye titi. RNA tupu huvunjwavunjwa upesi ndani ya damu. Patisiran, dawa ya aina hii kwa ugonjwa wa neva wa kurithi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, husafirishwa ndani ya chembe za mafuta, nazo huishia kwenye ini. Inclisiran ya kolesteroli nayo kazi yake ni kwenye ini. Uvimbe wa titi, tena uliokwisha kutambaa mpaka mifupani, utafikiwaje? Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wa saratani ya matiti ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitali. Kwanza tulipiganie hilo.

Muuguzi, Likoni: Nyote wawili mmeliruka jambo moja. Wagonjwa wengine huja na jibu la biopsi (kipimo cha kipande cha uvimbe) lisemalo "saratani" basi, vipokezi havikupimwa. Daktari achague dawa gani hapo, mpya au ya zamani? Kipimo hicho kina gharama, na familia ikiwa imeshauza kilichopo kwa ajili ya upasuaji, ndicho kinachoachwa.

Wa Kisauni: Hapo umesema, dada muuguzi.

Mleta mada: Nakubali, na msimamo wangu nauongezea sharti. Jaribio lolote litakaloletwa Pwani lilipie kipimo cha vipokezi hapahapa, kwa kila mwenye uvimbe, hata asiyeshiriki. Na mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili, kabla hajatia sahihi, kwamba dawa haijathibitika na kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Ndugu wa Kisauni, kwa masharti hayo bado unapinga?