Mrejesho: lami kuukuu kwenye mchanganyiko mpya

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama lami tuliyoikwangua barabarani inaweza kuingia kwenye mchanganyiko mpya bila kushusha ubora, maana msimamizi alitaka tukaimwage yote.

Inaingia. Tulianza na asilimia 15 ya lami kuukuu, na lami mpya ileile ya daraja la 60/70 (namba za ulaini: zikiwa kubwa, lami ni laini zaidi). Mzigo wa kwanza ulikuwa aibu: mabonge yamevaa vumbi, mvuke unafuka kama chungu cha wali. Aliyeniambia "angalia maji kwanza" alipatia. Lundo lilinyeshewa masika yote, kwa hiyo joto la kokoto likaishia kukausha maji badala ya kulainisha lami.

Tukaliezeka kwa bati (turubai lililolala juu ya lundo linafungia unyevu), tukachekecha mafungu mawili, laini na nene. Na lami kuukuu haiguswi na moto wa mtambo wa kuchanganyia. Inakutana na kokoto zilizopashwa kuliko kawaida. Sampuli za Marshall (kipimo cha maabara cha uimara wa mchanganyiko) zimefaulu.

Sasa fundi wa maabara anataka asilimia 30. Nimekataa mpaka tupate lami laini zaidi, 80/100, kwa sababu ile ya zamani imeshakakamaa kwa jua na hewa. Msimamizi? Kaacha kununa tangu aone hesabu ya lami tuliyookoa.