Baba amepata kiharusi: tuendelee na fiziotherapia au tumwite mchuaji wa kijijini? Naomba ushauri

Mwana wa Tandahimba (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote, na wakubwa zangu shikamooni.

Baba yangu ana miaka 63. Mwishoni mwa Juni alianguka alfajiri akijiandaa kwenda shambani kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mkono na mguu wa kulia vililegea, mdomo ukapinda, na maneno yakawa hayatoki sawasawa. Alilazwa, kisha akaruhusiwa akiwa na dawa za shinikizo la damu pamoja na karatasi inayomtaka ahudhurie fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) mara mbili kwa wiki. Hii ni wiki ya saba, na mpaka sasa amehudhuria mara nne tu.

Sababu mojawapo ni nauli, kwa kuwa hawezi kukaa kwenye basi na inatulazimu kukodi gari hadi Mtwara mjini. Hata hivyo, kikwazo kikubwa zaidi ni mabishano ya ukoo. Baba mkubwa anasema tunatupa fedha kwa ajili ya kuchuliwa, ilhali kijijini yupo bibi anayechua kwa mafuta ya ufuta tangu mimi sijazaliwa. Shangazi anasema mgonjwa wa namna hii anatakiwa kupumzika mpaka nguvu zirudi zenyewe, na kwamba kumsimamisha ni kumtesa, kwa sababu kila akirudi analalamika kuwa bega linamuuma. Nami nakiri kwamba siku ya kwanza nilivunjika moyo, kwani nilitarajia kuona mashine, nikakuta kitanda, kioo kirefu, na kijana anayemwambia baba ainuke kwenye kiti, akae, kisha ainuke tena. Hakumchua hata kidogo.

Je, wanaosema hivyo wana haki? Na kama wamekosea, nitawaeleza nini wanielewe?

Mzee wa Mikindani

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Usiwadharau wazee wako. Mimi nilianguka kutoka juu ya mnazi nikavunjika mguu, nikaungwa na mganga wa mifupa kwa vijiti na majani, na mfupa ukashika. Lakini niseme ukweli wote: goti halikunji mpaka leo, na kuswali naswali nimekaa kwenye kiti. Sikuambiwa na yeyote kwamba baada ya mfupa kuunga kuna kazi nyingine. Kwa hiyo mwiteni bibi, ila msiache hospitali.

Fizio wa Kusini

Mzee wangu wa Mikindani, shikamoo, na asante kwa kusema habari ya goti, maana wengi huishia kwenye sentensi ya mfupa kushika.

Mleta uzi, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kwa hiyo mnisome mkijua kwamba ninaitetea kazi yangu. Hoja ya baba mkubwa ina mzizi wa kweli. Chama cha wataalamu wa kazi hii nchini Uingereza kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne, nacho kilianza kama chama cha wachuaji waliofunzwa. Kuchua ndiko tulikotoka, na hata sasa tunachua pale panapostahili. Lakini mkono wa baba yako haukulegea kwa sababu misuli imeumwa. Kilichojeruhiwa ni sehemu ya ubongo upande wa kushoto, ile inayouamuru mkono wa kulia, na kwa watu wengi upande huohuo ndio unaoshughulika na usemi. Ndiyo maana maneno nayo yamepotea. Mafuta ya ufuta yataifikia ngozi na misuli, yatampa faraja, lakini hayaufikii ubongo. Ubongo hufikiwa na tendo lenyewe. Mgonjwa anapojaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena mara nyingi kila siku, sehemu za ubongo zilizosalia hujifunza kushika kazi ya zile zilizokufa. Kijana yule aliyekuwa akimwinua na kumkalisha alikuwa akimfundisha kuhamisha uzito kwenye mguu mgonjwa, na somo hilo halihitaji mashine.

Kuhusu kupumzika, namwelewa shangazi, kwa sababu huruma yetu humwambia mgonjwa alale. Lakini kulala mchana kutwa hukausha misuli, hukakamaza viungo, huleta vidonda vya mgongoni na makalioni, na huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu. Wepesi wa kurudi kwa nguvu huwa mkubwa zaidi katika miezi ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza. Baada ya hapo mwendo hupungua, ingawa haukomi, kwa hiyo msimsikilize atakayewaambia kuwa mmeshachelewa.

Hilo la bega ndilo linalonisumbua, nami sitaki kulifunika kwa kusema kwamba mazoezi lazima yaume. Uchovu na misuli kuvuta baada ya zoezi ni jambo la kawaida. Maumivu makali ya bega si ya kawaida. Mfupa wa mkono hushikiliwa begani na misuli, na misuli hiyo ikilegea mkono huning'inia, kisha kila anayemwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono huzidi kuliumiza bega. Nadhani haliumizwi kliniki pekee. Huenda linaumizwa garini na kitandani. Msimvute mkono wala msimkamate kwapani. Shikeni nyuma ya bega na kiunoni, na akikaa, mkono ulale juu ya mto. Safari ijayo mwambieni mtaalamu wake kuhusu maumivu hayo kabla hajaanza lolote.

Bibi akija, achue taratibu, na bega asilivute wala kulinyoosha kwa nguvu. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye kigimbi, asiuguse kabisa, bali mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa damu iliyoganda inaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu.

Binti Mmwera, Lindi

Naongezea la maji ya moto, kwa sababu lilitupata. Mama yetu alipopata kiharusi tulimkanda kwa taulo lililochovywa kwenye maji ambayo mimi niliyaona ya kawaida. Upande ule ulikuwa hauhisi, naye hakusema neno. Tulipolifunua taulo ngozi ilikuwa imetoka malengelenge, na kidonda kile kilimweka kitandani wiki tatu ambazo angekuwa anajifunza kutembea. Kosa lilikuwa letu. Kama ni lazima kukanda, yapimeni maji kwa kiwiko chenu, na yawe vuguvugu tu.

Mwana wa Tandahimba (mleta uzi)

Nimewasomea wazee nyumbani, na nawashukuru wote. Ni kweli tulikuwa tukimtoa garini kwa kumvuta mkono wa kulia, kwa sababu mlango uko upande huo. Fizio, tukishindwa kumpeleka mara mbili kwa wiki, je, kwenda mara moja kuna maana?

Fizio wa Kusini

Kuna maana kubwa, mradi kliniki iwe ni mahali pa kupewa kazi na kukaguliwa, na kazi yenyewe ifanyike nyumbani kila siku. Mwambieni mtaalamu ukweli kuhusu nauli, mumwombe awaandikie mazoezi ya nyumbani na amfundishe mmoja wenu kwa vitendo. Ulizieni pia kama hospitali iliyo karibu nanyi zaidi ina mtaalamu.

Kwa sasa anzeni na kiti. Kiwe cha mbao, kiegemee ukuta, kiinuliwe kidogo kwa blanketi lililokunjwa ili asipate shida kuinuka, na mtu asimame upande wake wa kulia. Kiti cha plastiki huteleza, msikitumie. Ainuke mara chache, apumzike, arudie jioni. Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, acheni mara moja mkamwone daktari. Mkono ukianza kufumba, mpeni beseni la njugu mawe azihamishe moja moja kwenye bakuli kwa mkono huohuo mgonjwa, hata kama atatumia nusu saa, na msimsaidie upesi. Msimpe korosho za kubangua, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza, na mkono usiohisi hautamwonya. Dawa za shinikizo zisikatizwe hata siku moja kwa kisingizio kwamba sasa anafanya mazoezi.

Mwana wa Tandahimba (mleta uzi)

Kiti tumeazima madrasa. Jana ameinuka mara sita asubuhi na mara nne jioni, na baba mkubwa, ambaye bado anasema bibi aje, ndiye aliyekuwa akihesabu kwa sauti. Bega bado linauma. Jumatatu tunakwenda, naye atakaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, ili tumshukie kwa mkono mzima.