Wanafunzi wananyamaza mbele ya kisa: nifanyeje?

Mkufunzi wa uuguzi: Habari zenu, wakufunzi wenzangu. Muhula huu nimepunguza mihadhara na kuwapa wanafunzi wangu 64 kisa cha mama mjamzito mwenye shinikizo la juu la damu wakijadili wenyewe, lakini wanaozungumza ni wale wale watano, na wengine wanasubiri nitaje jibu waliandike. Nimekosea wapi?

Mwalimu mstaafu: Pole. Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, kilichoanzisha mtindo huu wa kujifunza kwa kutatua visa katika udaktari mwaka 1969, kilitumia vikundi vidogo vyenye mwezeshaji. Watu 64 ni mkutano wa hadhara. Wagawe wanane wanane, na kisa usikitoe chote: leo wape kipimo cha presha na miguu iliyovimba, kesho kutwa protini kwenye mkojo.

Mkufunzi wa uuguzi: Ahsante, ila wakufunzi tuko wawili tu.

Msaidizi wa maabara: Sisi tuliwaomba wanafunzi wa mwaka wa tatu wawe wawezeshaji, tukawafunza kuuliza "umejuaje?" badala ya kujibu, kazi kubwa ilikuwa kuwazuia wasihutubie. Je, mtihani wenu bado unapima kukariri?