Hukumu kwa Kiswahili: tuwabane majaji, au tuvibane vyuo?

Mleta mada, wakili, Mwanza

Wakuu, heshima kwenu. Naleta jambo lililonikaa moyoni miaka mingi. Naomba wachangie wanasheria na wasio wanasheria, maana mahakamani hatuendi mawakili peke yetu.

Nilipokuwa mchanga kwenye kazi hii nilimwakilisha mama mmoja katika rufaa ya shamba. Shauri la awali lilisikilizwa kabla sijamfahamu. Mama alikuwa ameeleza kwa Kiswahili, tena si cha kubabaisha, kwamba baba yake mkubwa "alinikabidhi shamba mbele ya ukoo." Kijijini kwao hakuna asiyejua maana ya maneno hayo: amepewa, limekuwa lake, na ukoo ndio shahidi. Aliyemsikiliza alikuwa akiandika kwa mkono, kwa Kiingereza, huku shahidi anaendelea kusema. Akachukua neno la Kiingereza lenye maana ya kuachiwa mali ya mtu uitunze. Neno hilo ndilo lililobaki kwenye jalada. Mahakama ya juu haimwoni shahidi, inaona karatasi, na karatasi ilisema mama ni mtunzaji tu. Tukashindwa. Nilipomweleza sababu aliniuliza, "Mwanangu, mimi nilisema hivyo saa ngapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa wasiofahamu: Mahakama za Mwanzo zinaendeshwa kwa Kiswahili miaka yote. Kuanzia Wilaya kwenda juu, watu waliruhusiwa kuzungumza Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziwe kwa Kiingereza. Januari 2021 Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililohusu mgodi wa North Mara. Tarehe 1 Februari, Siku ya Sheria, pale Dodoma, Rais Magufuli akatangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na hakuficha kwamba sababu ni uamuzi ule. Mwezi huohuo Bunge likapitisha marekebisho, Sheria Na. 1 ya 2021. Kiswahili kikawa lugha ya sheria, ya mahakama na ya mabaraza. Kiingereza kikaachiwa upenyo, kitumike pale haki inapohitaji, na mwaka 2022 zikaja kanuni za kueleza ni pale wapi.

Fungua TanzLII leo, ule mtandao unaohifadhi hukumu za mahakama zetu. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani bado ni za Kiingereza. Wote tumepita kwenye upenyo.

Wapo wanaowalaumu majaji. Mimi siwalaumu, na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Jaji wa leo alisoma sheria kwa Kiingereza, akafanya uwakili au uhakimu kwa Kiingereza miaka ishirini, na kila uamuzi anaourejea ni wa Kiingereza. Ukimwambia aandike kwa Kiswahili kuhusu ukomo wa muda au pingamizi la awali, anatafsiri kichwani mwake. Anachelewa, na anaogopa, kwa sababu neno likipinda hukumu itatenguliwa na jina lake litabaki humo milele. Mimi mwenyewe, tangu chuo mpaka Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School, tunakopita baada ya shahada kabla ya kuwa mawakili), sikuwahi kupewa mtihani hata mmoja wa kuandika hati ya madai au kiapo, yaani maelezo ya ushahidi yaliyoandikwa na kuapiwa, kwa Kiswahili. Siku niliyoandika kiapo changu cha kwanza kwa Kiswahili nilikaa na aya moja asubuhi nzima.

Ninachopendekeza si kikubwa. Masomo matatu, yaani ushahidi, mwenendo wa mashauri na uandishi wa nyaraka za kisheria, yafundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili kuanzia shahada ya kwanza. Haya mengine ya mikataba ya kimataifa na sheria za bahari yabaki kwa Kiingereza kwa sasa. Mnasemaje?

Wakili, Dar es Salaam

Kaka, uchungu wa yule mama naupata. Lakini hebu tuangalie kazi yetu ilivyo. Msingi wa sheria yetu ni sheria ya Waingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Mahakama ya Rufani imekuwepo tangu 1979, na karibu kila kanuni iliyojenga imeijenga kwa Kiingereza. Ukienda Arusha kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Mkataba wa Jumuiya unasema lugha yake ni Kiingereza. Kijana anayetaka kuingia usuluhishi wa migogoro ya gesi na madini, atapokewa na nani akiwa na ushahidi na mwenendo wa Kiswahili peke yake?

Halafu kuna istilahi. Naomba mtu yeyote humu aniandikie kwa Kiswahili kinachoeleweka ile kanuni tunayoiita "estoppel". Sitaki "estopeli". Nataka sentensi ambayo mwananchi ataisoma na jaji ataikubali. Tusiwafunge vijana kwenye lugha ambayo vitabu vyake havijaandikwa.

Hakimu mstaafu, Mahakama za Mwanzo

Wanangu, nimesoma kwa makini. Nimekaa kwenye kiti cha Mahakama ya Mwanzo zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuandika hukumu kwa Kiingereza. Ndoa, mirathi, wizi, madai ya ng'ombe, matusi, yote kwa Kiswahili. Mashauri ya wananchi wengi yanaanzia pale na mengi yanaishia palepale. Kwa hiyo mnaposema Kiswahili hakijawa lugha ya sheria, mnisamehe, sisi wengine mmetusahau.

Tatizo lilikuwa jalada linapopanda juu. Nitawapa mfano mmoja. Kesi ya wizi, shahidi anasema alimtambua mtu "saa mbili usiku", taa ya duka inawaka, watu bado wanapita. Mimi nimeandika hivyohivyo. Jalada likatafsiriwa kwa ajili ya rufaa, na saa mbili ikaandikwa mbili ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa nane, watu wote wamelala. Wasomi mnaifahamu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya 1980, inavyotaka utambuzi upimwe kwa mwanga, umbali, muda na kama shahidi alimfahamu mtu kabla. Ukibadilisha saa, umebadilisha vyote. Mshtakiwa aliachiwa. Sisemi alikuwa na hatia, hayo anayajua Mungu. Nasema aliachiwa kwa usiku ambao haukuwepo.

Na mirathi ndiyo mbaya zaidi. "Ndugu" anageuka kaka wa tumbo moja. "Mama mdogo" anageuka mke wa pili wa baba. Nimeona orodha ya warithi ikivurugika namna hiyo na familia ikagombana juu ya kosa la mfasiri.

Mwanafunzi, Shule ya Sheria kwa Vitendo

Shikamoo mzee. Shikamooni wakubwa wote.

Mimi niko ndani ya hicho mnachojadili. Wote mnakumbuka matokeo ya Oktoba 2022: wanafunzi 633 walifanya mtihani, wakafaulu moja kwa moja 26. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Sitaki kusema lugha ndiyo iliyowaangusha watu wote, kwa sababu sababu ziko nyingi na nyingine ni uvivu wetu wenyewe. Ila niseme ninachokiona darasani. Kuna mwenzangu akikueleza hoja ya kesi kwa Kiswahili kwenye kantini unasema huyu wakili tayari. Anajua wapi ushahidi umepungua, anajua shahidi gani aitwe. Akikaa kwenye karatasi ya Kiingereza anaandika sentensi alizokariri, zile za "kwa heshima kubwa tunawasilisha", na hoja yake haionekani popote.

Siku ya mafunzo kwa vitendo tukapelekwa mahakamani, na yule mwenzangu ndiye aliyewaelewa mashahidi kuliko sisi wote. Sijui kama ataitwa wakili. Hilo linaniumiza.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zetu wa Dar na Mwanza, msituige sisi wala msidhani tunaweza kuwaiga. Huku Katiba ya 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ingali inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza, na za chini yake ni Kiingereza au Kiswahili. Tena kwetu shahidi aweza kuja na Kidigo au Kikamba, akahitaji mkalimani hata kufika kwenye Kiswahili. Nyinyi mna bahati ambayo hamuithamini: hakimu, karani, shahidi, askari na mshtakiwa, wote wanaelewana bila mtu wa katikati. Ni pale tu kalamu inapoanza kuandika ndipo mfasiri anapoingia, na mfasiri mwenyewe ndiye hakimu!

Mhadhiri wa sheria

Nimeshawishika kuandika kwa sababu vyuo vimetajwa. Mleta mada una haki ya kutulaumu, ila ujue mahali kidonda kilipo.

Hili si jipya. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, alitoa orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili mwaka 1968. Orodha ya maneno imekuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni maandiko: vitabu vya kiada, ufafanuzi wa kesi, makala ya kubishana kuhusu maana. Istilahi hukomazwa na mabishano. Bila hayo inabaki imelala kwenye kamusi.

Na kwa nini hatuandiki? Kwa sababu mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho, na machapisho yanayohesabiwa vizuri ni ya majarida ya nje, ya Kiingereza. Nikitumia miaka miwili kuandika kitabu cha sheria ya ushahidi kwa Kiswahili, mwenzangu atakuwa ametoa makala manne na kunipita. Nina watoto wa kusomesha. Mkitaka masomo matatu kwa Kiswahili, anzeni na kanuni za kupandisha vyeo. Kitabu cha sheria cha Kiswahili kilichopitiwa na wataalamu kihesabiwe sawa na makala ya nje, au zaidi, na mtaona vitabu. Majaji wasaidie pia. Hukumu moja nzuri ya Kiswahili kutoka Rufani inanifaa darasani kuliko semina kumi.

Mleta mada, wakili, Mwanza

Profesa, nashukuru, na nakiri hilo la vyeo sikuliwaza kabisa. Nilikuwa nawaona nyinyi kama watu mnaokataa, kumbe mnaadhibiwa mkikubali. Pendekezo langu nalirekebisha: kitabu kwanza, mtihani baadaye.

Wakili wa Dar, kuhusu Arusha na gesi tuko pamoja, ndiyo maana sikusema Kiingereza kifukuzwe. Lakini hesabu nasi wateja wako. Wangapi wanakwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na wangapi wana kiwanja, mirathi, mkopo na mshahara? Tunawafundisha wanafunzi wote kwa ajili ya wachache wa kwanza. Na Katiba yetu ya 1977 imeandikwa kwa Kiswahili. Kama lugha hii inatosha kuunda mamlaka ya Rais na kulinda haki ya kuishi, inawezaje kushindwa na kiapo cha kuomba kuongezewa muda?

Mahakama nayo imeanza kufunga mfumo wa akili unde wa kunukuu na kutafsiri maneno ya mashahidi. Kunukuu naunga mkono kwa mikono miwili, maana neno "alinikabidhi" litabaki "alinikabidhi". Kutafsiri naogopa. Mashine nayo inaweza kuchagua lile neno la mtunzaji, na safari hii hatutakuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini.

Ile changamoto ya "estoppel" nakiri nimejaribu mara tatu na zote zimetoka zikinuka tafsiri. Anayeweza atusaidie.

Hakimu mstaafu, Mahakama za Mwanzo

Mwanangu wakili wa Dar, hilo neno sikulijua mpaka nilipostaafu, mjukuu wangu anayesoma sheria aliponieleza. Aliponieleza nikakumbuka shauri moja la kiwanja. Mdai alimwona jirani yake anachimba msingi, akanyamaza. Akamwona anapandisha kuta, akanyamaza, na siku ya kuezeka alikwenda kula pilau. Miaka miwili baadaye akadai kiwanja ni chake. Niliandika hivi, nakumbuka vizuri: "Mdai alimwacha mwenzake ajenge mpaka akaezeka, naye akiona na kunyamaza, na kwa kunyamaza kwake mwenzake akaamini. Mahakama haiwezi kumruhusu leo aukane mwenendo wake mwenyewe." Alikata rufaa. Hukumu ilirudi kwa Kiingereza, nikaomba nisomewe. Walikuwa wameikubali.