Bamba limekubali kuinuka, paipu ya keria inagoma kupita kwenye njia

fundi_keria

Habari zenu wakuu. Nina kibanda Kariobangi Light Industries, natengeneza keria (fremu za kubebea mizigo) na gadi za bodaboda. Miaka yote nimechora kwa chaki sakafuni, napinda paipu nikiilinganisha na ile chaki. Sasa waendeshaji wa steji moja huku Mathare North wameagiza keria 12 za aina moja, na mweka hazina wao anataka kuona mchoro kwanza ndipo atoe pesa. Nikanunua laptopu ya mtumba Luthuli, kijana wa kibanda jirani akaniwekea FreeCAD 1.0, programu ya kuchora vitu kwa kompyuta.

Bamba la kushikia nimeliweza. Nilichora mstatili wa milimita 100 kwa 60, nikaweka maduara manne ya milimita 10 ya kupitisha boliti, nikabonyeza Padi, nikaandika 5, likasimama na unene wake na matundu yake. Nilimwita mke wangu aje alione.

Kilichonishinda ni ile U. Paipu yangu ni ya milimita 25 kwa nje. U ina miguu ya 300 kila mmoja na upana wa 400, zote nimepima katikati ya paipu. Nachora duara la 25, nachora U kama njia, nachagua amri ya kupitisha duara kwenye njia. Kona zikiwa kali inapita, lakini zinatoka kama fremu ya dirisha, na keria haikai hivyo. Nikizungusha kona kwa 10, linatokea kosa jekundu na hakuna kitu. Nimehangaika nalo tangu Jumatatu. Tafadhali nisaidieni, fundi asiyejua ni mimi au ni programu imeharibika?

kip_michoro

Duara na njia umevichora kwenye bapa moja, yaani uso mmoja tambarare wa kuchorea? Lazima duara lisimame wima kwa njia pale njia inapoanzia. Vikilala pamoja kwenye bapa moja, duara litaburutwa ubavu na hakuna umbo litakalopatikana. Pia kuza kwenye kona uangalie kama mistari imeshikana kweli. Kwa macho inaonekana imegusana kumbe kuna mwanya wa unywele.

fundi_keria

Asante kaka. Duara liko bapa la XY, njia iko XZ, zote zinaanzia pale sifuri. Mistari nimeikagua, imeshikana. Bado inagoma.

Nyambura_Chuma

Kaka, kosa liko kwenye ile 10. Programu yako ni nzima na wewe hujakosea hatua, umeomba tu kona ambayo paipu hiyo haiwezi kuwa nayo.

Mimi ni mchomeleaji, nachora reli za ngazi kwa FreeCAD karibu kila siku, na jambo hili lilinipotezea wiki nzima nilipoanza. Acha nikuonyeshe jinsi nilivyolielewa. Chukua karatasi ngumu, ile ya boksi la biskuti. Kata viduara kumi na tano hivi vya milimita 25. Vitoboe katikati kabisa, vitunge kwenye waya kama shanga, vikae vimesimama wima kwa waya. Hivyo ndivyo programu inavyofanya: inabeba duara lako, inalipitisha kwenye njia hatua kwa hatua, halafu inavika ngozi juu ya viduara vyote.

Sasa pinda huo waya polepole. Tazama upande wa ndani wa kona. Viduara vinasogeleana, kingo zinagusana, halafu ukizidi kupinda zinaanza kupitana, hiki kinaingia eneo la kile. Zinapoanza kupitana ndipo programu inapokataa. Njia yako inapita katikati ya paipu. Kutoka katikati hadi ukingo ni 12.5. Kona yako ina nusu kipenyo cha 10. Kwa hiyo ukingo wa ndani unavuka kitovu cha kona kwa milimita 2.5 na ngozi inajikata yenyewe. Umbo mango, yaani lenye ujazo, lazima liwe na ndani na nje zinazojulikana. Ngozi ikijikata, hakuna anayeweza kusema ndani ni wapi, hata uzito hauwezi kupigwa hesabu.

Kwa hiyo kona lazima izidi 12.5. Lakini usiandike 13 ili tu kosa litoke. Chuma nacho kina sheria yake. Paipu ya 25 yenye ukuta wa 2 ukiikunja kwa 13 baridi bila mandreli (kifaa cha kuishikilia paipu kwa ndani isibonyee), itabonyea na kufanya mikunjo kama soksi iliyoteremka. Nenda kwenye mashine yako ya kukunja, pima ile gurudumu paipu inapolala, upate umbali wa kutoka kitovu cha gurudumu hadi katikati ya paipu. Namba hiyo ndiyo uiandike kwenye kona. Mchoro usioweza kukunjwa na mashine yako ni picha tu, na mweka hazina atalipia kitu ambacho hutampa.

Jambo la pili: umesema duara moja. Ukiacha hivyo utapata nondo nzima isiyo na tundu. Chora maduara mawili yenye kitovu kimoja, la 25 na la 21, kwenye mchoro mmoja. Programu itaona eneo lililo kati yao ndilo chuma.

fundi_keria

Dada Nyambura, Mungu akubariki. Nimepima, ni 75 hadi katikati. Nimeandika 75, nimeweka maduara mawili, IMEPITA. Nikiitazama kwa mwisho wa mguu naona tundu lake kabisa.

Nyambura_Chuma

Nimefurahi sana. Sasa usiishie kwenye picha, kwa sababu faida kubwa iko kwenye urefu wa kukata. Kwa chaki ulikuwa unakata ngapi?

fundi_keria

Mita moja. 300, 400, 300. Baada ya kukunja napunguza miguu kwa grainda.

Nyambura_Chuma

Nilihisi hivyo. Pima urefu wa njia yako mle ndani ya programu. Kila kona ya digrii 90 yenye nusu kipenyo 75 inakula 117.8. Miguu iliyonyooka inabaki 225 na 225, katikati inabaki 250. Jumla ni 935.6, si 1000. Kona inapita mkato, haifiki hadi kwenye pembe.

Bomba la mita 6, ukikata kwa 1000, utasema unatoa sita. Lakini disku inakula karibu milimita 3 kila mkato, kwa hiyo kipande cha sita kinapungua 15 na unakiweka kando. Kwa 936 unatoa sita kamili na unabaki na kipande cha karibu 366, ambacho utakitumia kwa kazi ndogo nyingine. Kwa keria 12 mabomba mawili yanatosha, badala ya kugusa la tatu.

Uzito nao uko hapo. Chuma ni gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, na U moja inakuja karibu kilo 1.06. Ungeacha duara moja bila tundu ungemwambia mteja kilo 3.6.

Mzee_Patani

Nyambura amesema vizuri, naongeza mawili tu. Kijana wangu, usikate zote 12 kwa hesabu ya kompyuta. Paipu inavutika upande wa nje wa kona na inarudi kidogo ukiiachilia. Kata moja, ikunje, ipime, ndipo ukate nyingine. Sisi tunaochonga patani, yaani vielelezo vya mbao vya kutengenezea kalibu za kumiminia chuma, tunajua hivyo hivyo, namba ya mchoro na namba ya chuma zinatofautiana kidogo.

La pili, mchoro wa paipu usiubandike kwenye uso wa lile bamba. Ubandike kwenye bapa za msingi, XY, XZ, YZ. Siku utakapobadilisha bamba liwe 6 badala ya 5, au uongeze tundu, uso unaweza kupewa jina lingine na mchoro wako ukarukia pengine. Toleo la 1.0 limepunguza ugonjwa huo sana, ila haujaisha wote. Na kama paipu haigusi bamba, ziweke kwenye bodi mbili (bodi ni chombo cha programu kinachobeba umbo), kwa sababu kwa kawaida bodi moja ni ya kipande kimoja kilichoshikamana.

fundi_keria

Shikamoo Mzee. Nimefanya ulivyosema. Nimekata moja ya 936, nimeikunja leo saa tano, nimeiweka juu ya bamba la meza na kupima kwa tepu. Upana umekaa 400 sawasawa. Miguu imetoka 302 yote miwili. Kwa hiyo za kesho nakata 932.

Mweka hazina nimemtumia picha ya mchoro ikiwa na bamba na paipu pamoja. Ameuliza kama naweza kusogeza matundu ya boliti yaingie ndani milimita 8, kwa sababu pikipiki zao zina taa ya nyuma iliyoshuka. Nimebadilisha namba moja, matundu yote manne yamesogea, nikamtumia tena kabla chai haijapoa. Ametuma nusu ya pesa.