Ukoka, pemba au kitu kingine cha kufunika ardhi uani?

Pwani_Kijani
Wakuu, habari zenu. Nina sehemu mbili uani zimenishinda. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Fundi wa bustani anakuja Jumamosi, kanipa nichague kati ya nyasi za ukoka na za pemba. Nataka kitu kifupi, kigumu, kisichotaka kufyekwa kila wiki. Nichukue kipi?

MkulimaWaUani
Mkuu, zimekushinda kivipi? Jua au kivuli? Udongo gani? Unamwagilia maji gani? Watoto wanacheza hapo? Bila hayo tutapiga ramli tu.

BiMkunazi
Na uko mkoa gani? Mtu wa Arusha na mtu wa Dar hawapandi nyasi za aina moja.

Pwani_Kijani
Samahani wadau. Niko Kigamboni. Sehemu ya kwanza ni chini ya mwembe mkubwa, jua halifiki. Ya pili ni mteremko kando ya ukuta, jua linawaka asubuhi mpaka jioni. Udongo ni mchanga. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo.

MkulimaWaUani
Basi hizo ni kesi mbili tofauti. Ukoka weka mteremkoni, unatambaa juu na chini ya ardhi na kushika udongo, hata ukame ukiukausha juu, mvua ikirudi unachipua. Ila kivulini haufiki mbali, unarefuka kutafuta mwanga halafu unakufa. Pemba ina jani pana, inavumilia kivuli na chumvi, ndiyo maana imejaa pwani. Lakini pemba inataka maji.

Baridi_Njombe
Nyasi ya kikuyu ndiyo mpango mzima. Kwangu ni kapeti, ng'ombe wanakanyaga na inarudi.

BiMkunazi
Kaka, kikuyu asili yake ni nyanda za juu huku kwetu Afrika Mashariki. Kwa joto la Kigamboni itamtesa bure. Kila mada ya nyasi lazima uje na kikuyu!

Baridi_Njombe
Nasema kinachonifaa, dada.

Tembele_Bichi
Kabla ya kubishana aina, muulizeni udongo atatoa wapi. Mimi nililetewa lori la udongo mweusi na jamaa wa bustani, akaapa ni safi, umetoka bondeni. Pemba ikapandwa vizuri, ikashika, nikafurahi. Mvua za vuli zikaanza, nikaona vijani vyembamba vinang'aa katikati ya nyasi. Ndago. Unaing'oa, ule uzi wa chini unakatika, kile kiazi cheusi kinabaki ardhini, baada ya siku chache imetoka tena, na sasa iko na wenzake. Nilichimba kwa kisu, kiazi kimoja kimoja, kumbe vimeungana kama shanga. Tulipiga dawa ya magugu, majani yakakauka, ndago ikarudi, na pemba ya pale pote ikafa. Mwisho tuliondoa udongo wote uani. Jamaa nilipompigia akasema ndago inaletwa na ndege! Chimbua udongo wa lori kabla haujashushwa, ukiona vile viazi vyeusi rudisha gari.

Pwani_Kijani
Duh, pole sana. Hilo sikuwa nalijua.

FundiMaua
Kwenye mteremko weka wedelia, ile yenye maua ya njano. Haifi, haitaki maji, unakata kipande tu unachomeka.

BiMkunazi
Nakataa kwa nguvu zote. Hiyo imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Jirani yangu aliipanda, imepita chini ya ukuta na kumeza mchaichai wangu. Kama unapenda maua ya njano, tafuta Arachis pintoi, jamii ya karanga kutoka Brazil. Ni fupi, inavumilia kivuli, na kama mikunde mingi inarutubisha udongo. Mwanzo ni mvivu, lazima upalilie mpaka ifunge.

FundiMaua
Wedelia ukiipunguza kwa panga inatulia. Na hiyo karanga yako chini ya mwembe mzito sijui kama itatoa maua.

BiMkunazi
Anataka kufunika ardhi, si kuuza maua.

Kisima_Chumvi
Mimi ningepanda matembele mteremkoni. Mboga ya bure.

MkulimaWaUani
Kwa maji ya chumvi na jua lile? Na panya watakuja kufuata viazi, nyoka watafuata panya.

Kisima_Chumvi
Nyoka anafuata uchafu. Kwangu kuna matembele miaka na sijamwona.

Tembele_Bichi
Chini ya mwembe acha majani yake makavu yaliyodondoka, ni matandazo tosha. Kuyafagia kila asubuhi ndiko kunakoacha ardhi wazi.

Pwani_Kijani
Mama watoto hakubali majani makavu, anaogopa nge.

Baridi_Njombe
Basi punguza matawi ya chini, mwanga uingie. Mwembe ni dodo au bolibo?

Pwani_Kijani
Ni dodo, na una maua sasa hivi.

BiMkunazi
Basi usiguse tawi mpaka uvune! Na wewe Baridi, usimharibie mtu embe.

Kisima_Chumvi
Bi Mkunazi, hiyo karanga ya njano vipandikizi naweza kupata wapi? Niko Mbagala.