Naomba ushauri: kanuni za kuzuia uvujaji wa methani kwenye mitambo ya gesi

Wakuu, naomba ushauri wa waliowahi kuandika au kusimamia kanuni za methani, hasa kwa mfumo kama wetu Tanzania, wenye vitalu vya gesi asilia vya Songo Songo na Mnazi Bay.

Rasimu ninayoipitia inafuata Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2024/1787: ukaguzi wa kina una kizingiti cha kukarabati cha ppm 500 (sehemu 500 za methani kwa milioni) au gramu 1 kwa saa, ukarabati uanze ndani ya siku 5 na uishe ndani ya 30. Tatizo ni kwamba vali na flanji (viungio vya mabomba) siyo vyanzo pekee. Vidhibiti vinavyoendeshwa kwa shinikizo la gesi hutoa methani kwa jinsi vilivyoundwa, hivyo fundi akiviona hatavihesabu kuwa uvujaji. Je, tuvipige marufuku moja kwa moja na kutaka vitumie hewa iliyobanwa badala ya gesi, au tuvipe muda pale ambapo umeme si wa uhakika?

Pili, mwenge (wa kuchomea gesi ya ziada) uliozimika hutoa gesi yote mbichi, na taarifa inaendelea kuandika asilimia 98 imeungua. Kipimajoto cha kuthibitisha mwali kinatosha?

Tatu, kati ya mamlaka zetu za udhibiti, PURA inasimamia mkondo wa juu (utafutaji na uzalishaji), EWURA mkondo wa kati na wa chini (usindikaji, usafirishaji na usambazaji). Mwendeshaji mwenye visima na mtambo wa kusafisha aripoti wapi bila tani zilezile za methani kuhesabiwa mara mbili?

Aliye na vifungu vilivyokwisha kufanya kazi, tafadhali aviweke hapa.